Kulehemu: kwa nini lehemu si gundi

Taa yangu ya kwanza ya dharura ilikuwa na kichaa chake. Stima zikipotea haiwaki, lakini ukipiga meza konzi, inawaka. Nilikuwa nimeiunda mwenyewe kwenye bodi ya matundu: transista moja, relei moja (swichi inayoendeshwa na umeme), rezista chache na betri. Kwa wiki mbili nikawa nabadilisha kijenzi kimoja baada ya kingine, mpaka nikawa nimebadilisha kila kitu isipokuwa kilichokuwa kibovu. Mwishowe niliibeba hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi, kwa fundi mmoja mwenye meza ndogo iliyobanwa kati ya duka la spika na mlima wa rimoti za televisheni. Hakuuliza mchoro. Aliigeuza bodi, akachukua kijiti cha kuchokolea meno, akausukuma kidogo mguu mmoja wa relei. Taa ikawaka. Akauachilia, ikazima.

"Kijana, hapa hukulehemu," akaniambia. "Hapa umebandika."

Nimeshawaeleza watu wengi kulehemu ni nini tangu siku ile, na kila mara naanzia kwenye maneno hayo mawili.

Kulehemu ni kuunganisha vipande viwili vya metali kwa kutumia metali ya tatu, ambayo huyeyuka kwa joto dogo kuliko hivyo viwili. Hiyo ya tatu ndiyo lehemu. Yule fundi wa mageti na madirisha kule Kariobangi hafanyi hivyo. Yeye anachomelea, yaani anayeyusha chuma chenyewe pande zote mbili hadi zimiminikiane. Ukilehemu, shaba ya bodi na mguu wa kijenzi havifiki popote karibu na kuyeyuka. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, nawe kazi yako yote inaishia chini ya 400. Kwa desturi ya ufundi, kazi ikivuka nyuzi 450 haiitwi tena kulehemu kwa maana hii yetu ya elektroniki. Hiyo ni ya mafundi wa friji na mabomba ya shaba.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa lahm, nyama. Napenda picha hiyo. Kidonda kikishashika nyama kwa nyama, huwezi tena kuonyesha mpaka ulikuwa wapi. Mjini wengi wetu tunasema kusolda na maisha yanaendelea, lakini neno la zamani lina siri ya kazi ndani yake.

Waya wa lehemu unaouzwa kwa roli umezoeleka kuwa mchanganyiko wa bati na risasi. Hapa huwa nasimama kidogo, kwa sababu maneno yote mawili yanapotosha. Mabati ya paa si bati; ni chuma kilichopakwa zinki. Bati halisi ni metali laini, nyeupe, inayoyeyuka kwenye nyuzi 232. Nayo risasi hapa ni metali nzito ya kijivu, ile iliyozipa risasi za bunduki jina, inayoyeyuka kwenye nyuzi 327. Ajabu ni kwamba ukizichanganya, bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, mchanganyiko unayeyuka kwenye nyuzi 183, chini kuliko kila moja ikiwa peke yake. Isitoshe, unatoka umajimaji kwenda ugumu kwa mkupuo mmoja. Ule wa 60 kwa 40, unaopatikana zaidi madukani, unapita kwanza kipindi kifupi cha kuwa kama uji. Ukiutikisa mguu wa kijenzi wakati lehemu bado ni uji, inaganda ikiwa na nyufa ndani. Anayeanza, kama anaweza kuchagua, achukue 63 kwa 37, waya mwembamba wa milimita 0.8 hivi.

Sasa tuje kwenye tofauti ya kulehemu na kubandika, maana hapo ndipo taa yangu ilipougulia.

Chukua jani la nduma ulimwagie maji. Maji yanajikusanya kuwa matone ya mviringo, yanabiringika na kuanguka, na jani linabaki kavu kana kwamba hakuna kilichopita. Kisha mwaga maji hayo hayo kwenye sahani safi ya udongo: yanatandaa. Lehemu iliyoyeyuka ina tabia hizo mbili vile vile. Juu ya shaba safi yenye joto la kutosha inatandaa, inapanda juu ya mguu wa kijenzi, inajipenyeza hata ndani ya tundu. Juu ya shaba chafu, au shaba baridi, inajikunja tone kama maji kwenye nduma. Tone hilo litaganda, litashika kidogo kwa kujibana, na kwa macho ya haraka utadhani kazi imeisha.

Ikitandaa, kuna jambo linatokea usiloliona. Bati linaila shaba kidogo, na katikati yao linazaliwa tabaka jipya la shaba na bati pamoja, unene wake mikroni chache tu. Tabaka hilo ndilo kiungo chenyewe; lehemu iliyobaki juu ni mnofu tu. Gundi hungojea ikauke juu ya kitu, lakini lehemu inaingiliana na kitu. Pale ambapo tabaka hilo halikuzaliwa, umeme unapita kwa kubahatisha: leo unapita, kesho joto la mchana limetanua bodi na haupiti, kesho kutwa mtu amepiga meza konzi na unapita tena. Mafundi hukiita kiungo baridi.

Kinachozuia tabaka hilo ni mawili: uchafu na baridi.

Uchafu ninaousema si matope. Shaba ikikaa hewani inavaa utando wa oksaidi, ile rangi ya kahawia iliyofifia, na lehemu haiwezi kuupenya. Dawa yake ni flaksi. Waya mwingi wa lehemu una flaksi ndani yake, kama wino ndani ya kalamu, na ile ya asili ni kolofoni, utomvu wa msonobari uliokaushwa. Ukiipasha moto inaamka, inaula ule utando, na kuifunika shaba hewa isiirudie. Ule moshi mweupe wenye harufu tamu unaousikia ukipita karibu na meza za mafundi ni flaksi hiyo. Ikishaungua yote imekwisha nguvu, na ndiyo sababu ukilehemu sehemu moja mara nne bila kuongeza waya mpya, kazi inazidi kuharibika. Ila usinunue ile flaksi ya mafundi wa mabomba. Ina asidi, na itaendelea kuitafuna bodi yako miezi baada ya wewe kuisahau.

Baridi ndiyo iliyonimaliza mimi. Nilikuwa nayeyusha lehemu kwenye ncha ya chuma cha kulehemu, kile kifaa cha umeme chenye ncha ya moto, kisha naibeba kama kijiko cha uji na kuidondoshea kwenye bodi. Hivyo flaksi inaungulia njiani, na lehemu inafika kwenye shaba ambayo haijapata joto lolote. Utaratibu ni kinyume chake: ncha iguse kiduara cha shaba na mguu wa kijenzi kwa pamoja, sekunde moja au mbili, ndipo waya wa lehemu uguswe upande wa pili, kwenye shaba na mguu, si kwenye ncha. Shaba ikiwa tayari, itaiyeyusha lehemu yenyewe. Ikikataa kuiyeyusha, haijawa tayari, na hapo chuma kinakupa habari ya kweli. Ondoa waya kwanza, kisha ncha, kisha tulia mpaka lehemu igande. Usipulize.

Kwa nini miguu ya rezista ilishika na ya relei ikakataa? Miguu ya relei ni minene, na metali nene inanyonya joto. Hapa watu huchanganya wati na nyuzi. Nyuzi zinasema ncha ina moto kiasi gani. Wati zinasema joto linalonyonywa linarudishwa kwa kasi gani. Jiko dogo la makaa lina moto mkali sawasawa, lakini litegee sufuria ya ugali wa harusi uone. Vyuma rahisi vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya volti 240 havina cha kupimia joto: vikikaa bila kazi vinawaka kupita kiasi, na vikiguswa na metali nene vinapoa. Chenye kidhibiti joto ukiweka karibu nyuzi 350 kinatosha kwa kazi nyingi za nyumbani. Mimi niliteseka miaka na kile cha bei ya chini na sioni kwamba mateso yale yalinifunza chochote.

Kiungo kizuri cha bati na risasi kinang'aa, na kina mteremko wa kuingia ndani, kama chini ya kichuguu kidogo, ukingo wake ukiwa umelala juu ya shaba. Kibaya kimevimba kama ushanga, au kimeparara. Lakini usimhukumu kila aliyeparara. Lehemu isiyo na risasi inaganda ikiwa na weupe uliofifia hata kazi ikiwa safi kabisa, kwa hiyo angalia ukingo kuliko mng'ao. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 1, 2006, na kwa kuwa viwanda havitengenezi simu ya Ulaya mbali na ya Nairobi mbali, karibu kila bodi ya kisasa utakayoifungua ina lehemu ya bati, fedha kidogo na shaba kidogo. Hiyo inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217. Ndiyo maana unaweza kukichomea kijenzi cha simu mpaka ukahisi chuma chako kimekufa. Ujanja wake unashangaza mara ya kwanza: kabla ya kutoa lehemu, ongeza. Tia kidogo lehemu yenye risasi juu ya ile ngumu, zichanganyike, joto la kuyeyukia lishuke, kisha uivute yote kwa pampu ya kunyonyea au uifyonze kwa suka ya shaba.

Kuhusu risasi na afya, watu huogopa kisichostahili na kupuuza kinachostahili. Risasi haigeuki mvuke kwenye joto la kazi hii. Inachemka kwenye nyuzi 1,749. Moshi unaokukohoza ni wa kolofoni, na huo unajulikana kuwaletea pumu watu wanaouvuta kila siku, kwa hiyo fungua dirisha au weka feni ndogo. Risasi yenyewe inaingia kwa mdomo, kupitia vidole. Mtu aliyeshika waya huo asubuhi nzima kisha akamega chapati bila kunawa ndiye aliye hatarini, na mtoto anayetambaa chini ya meza hiyo yuko hatarini zaidi.

Kuna vitu havilehemiki hivi hivi. Alumini ni kimoja, maana utando wake wa oksaidi unarudi hapo hapo ukiukwangua. Msahau mtu anayekwambia utalehemu sufuria kwa waya wa kolofoni. Seli za lithiamu, zile tunazozichomoa kwenye betri kuukuu za kompyuta, ni kingine: zinalehemika, lakini joto linaziumiza ndani na zinaweza kuwaka moto. Tafuta zenye vibati vilivyokwisha kushikizwa pembeni ulehemu hapo, au tumia kishikio cha seli. Na lehemu ni laini. Inapitisha umeme vizuri lakini haibebi mzigo. Tundu la chaja linalovutwa kila siku lazima lishikiliwe na kitu kingine, na nyaya mbili zisokotwe kwanza ndipo zilehemiwe.

Kama bado unajaribu mchoro, usilehemu kabisa. Ule ubao mweupe wa plastiki wenye matundu yaliyopishana milimita 2.54 upo kwa kazi hiyo. Waingereza na Wamarekani wanauita kwa jina la ubao wa kukatia mkate, kwa sababu wapenda redio wa zamani walikuwa wanapigilia misumari kwenye ubao wa jikoni na kuunganisha nyaya juu yake. Mchoro ukishakubali hapo, ndipo uuhamishie kwenye bodi.

Yule fundi hakunitoza kitu kwa taa. Alirudia miguu yote mitano ya relei, kila mmoja sekunde chache, kisha akanionyesha ncha ya chuma chake, iliyong'aa kama kijiko. Yangu nyumbani ilikuwa nyeusi kama kuni, na nilikuwa naisugua kwa msasa. Akacheka. Ndani ya ncha kuna shaba, akaniambia, nje kuna ngozi nyembamba ya chuma inayoilinda isiliwe na bati. Ukiipiga msasa umeitoboa ngozi. Ifutie kwenye sponji yenye unyevu au kwenye nyuzi za shaba nyeupe, na kabla ya kuchomoa plagi iache imefunikwa na lehemu mbichi, nene kabisa, usiifute. Usiku ile lehemu ndiyo ishike oksaidi, ncha isalimike. Asubuhi ikipata moto unaifuta, na chini yake ni safi.