Mpako wa mafuta kwenye bolingi ni nini?

Siku moja nilipata pointi 221 kwenye ukumbi ninaochezea bolingi, mchezo wa kurusha tufe zito kuangusha pini, hapa Ohio, Marekani, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba. Usiku huohuo nikawasha runinga kutazama mashindano ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa kilichoanzia jimbo hilihili, mjini Akron, mwaka 1958. Mshindi wa mechi akatoka na 203. Nikapiga hesabu zangu nikajiona nimempita. Wiki iliyofuata nikamsimulia mzee mmoja wa ligi yetu, aliyecheza tangu enzi za leni (njia ambazo tufe hupita) za mbao. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akauliza: "Kijana, wewe ulichezea mafuta gani?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Kumbe leni ya bolingi haiwi kavu. Kabla ya mchezo, mashine iliyo kama sanduku kubwa huwekwa penye mstari wa kurushia, ikatembea yenyewe kuelekea kwenye pini huku ikifuta mafuta ya jana na kupaka mapya. Hayana rangi ya kuonekana ukiwa umesimama, na ni machache mno: kwa leni nzima ni kama mililita 25 hivi, hayajai hata vijiko viwili vya chakula. Isitoshe, hayapakwi sawasawa. Pengine yanakolezwa, pengine yanapitishwa kiduchu, na futi za mwisho karibu na pini zinaachwa kavu kabisa. Mgawanyo huo, kwa urefu na kwa upana, ndio ninaouita hapa mpako.

Mwanzoni mafuta yalikuwa ya kulinda mbao tu. Tufe la bolingi (nasema tufe kwa sababu ukisema mpira mtu anawaza kitu cha kudunda) linaweza kufika kilo 7.26, na likiangushwa na kuburuzwa hapo mchana kutwa, vanishi haidumu. Leo leni nyingi ni za sintetiki, ila mafuta hayakuondoka. Yamegeuka kuwa sehemu ya mchezo.

Ili uone ni kwa vipi, anza na tufe lenyewe. Mchezaji mzuri halirushi liende moja kwa moja. Analizungusha kwa ubavu. Likiwa kwenye mafuta linateleza tu, kama gari lililokwama kwenye tope: magurudumu yanazunguka kwa kasi, gari halishiki njia. Likifika pakavu linashika, na hapo ndipo linakata kona kuelekea kwenye pini. Kona hiyo si mbwembwe. Pini moja ina uzito wa kama kilo moja na nusu, na zipo 10 zimejipanga kwa pembetatu. Tufe lililonyooka likigonga pini ya mbele husukumwa pembeni na kuacha pini zimesimama nyuma. Lililokata kona likaingia kati ya pini ya 1, ile ya mbele kabisa, na ya 3, iliyo nyuma yake kulia, kwa pembe ya kama nyuzi 6, linapenya hadi ndani. Kwenye straiki safi (pini zote 10 chini kwa rusha moja) ya mchezaji wa mkono wa kulia tufe huwa limegusa pini 4 tu: ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Nyingine sita zinaangushana zenyewe.

Ukitaka kuyaona mafuta, litazame tufe lako linaporudi. Matufe ya kukodi ya ukumbini mengi ni ya plastiki ngumu, hayaonyeshi kitu. Lakini tufe la resini hurudi na pete nyembamba za mafuta, moja kando ya nyingine, zimetanuka upande mmoja kama upepeo. Kila pete ni alama ya pale tufe lilipogusa leni katika mzunguko mmoja. Wachezaji hupangusa pete hizo kwa taulo kabla ya kila rusha, maana ngozi ya resini ina vitundu vinavyonyonya mafuta.

Sasa nirudi kwenye 221 yangu. Leni ina upana wa mbao 39, nasi huzihesabu moja moja kama namba za nyumba. Kwenye mpako wa kawaida wa ukumbini, mbao za katikati hupakwa mafuta mara 8, mara 10, hata zaidi ya zile za kandokando. Matokeo yake ni huruma tupu. Nikikosea nikarusha nje sana, tufe linakutana na ukavu, linashika mapema na kurudi mahali pake. Nikikosea ndani, linakutana na mafuta mengi, linateleza na kusubiri. Makosa mawili tofauti, yote yanaishia kwenye pini ya 1 na ya 3. Ukumbi unafanya hivyo makusudi, kwa sababu mteja anayepata straiki hurudi Jumanne ijayo.

Mpako wa mashindano unaondoa huruma hiyo. Katika kundi ambalo USBC, chama kikuu cha bolingi Marekani, kinaliita la kimichezo, mafuta ya katikati hayazidi mara 3 ya yale ya pembeni. Ukirusha nje kidogo, tufe linaenda zake na halirudi. Mashindano ya U.S. Open ndiyo yanayoogopwa kuliko yote, kwani kwa desturi mafuta yake husambazwa karibu sawa kutoka mfereji hadi mfereji, yaani ile mitaro ya kando mbili za leni. Jason Belmonte wa Australia, aliyefanya urushaji wa mikono miwili uheshimiwe duniani, alikuwa amekwisha kubeba mataji makubwa mengine yote, lakini hilo hakulipata hadi 2020. EJ Tackett alilitwaa 2023, 2024 na 2025 mfululizo, na mimi nikiulizwa nani anasoma mafuta vizuri zaidi kizazi hiki, sifikirii mara mbili.

PBA ilizipa baadhi ya mipako majina ya wanyama: Cheetah ni mfupi, Shark ni mrefu. Mingine ina majina ya magwiji, na namba inayofuata jina ni urefu kwa futi. Earl Anthony 43, kwa mfano, hufika futi 43 kati ya 60 za kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza. Hapo kuna hesabu moja ya mtaani ambayo kila mchezaji wa ligi anaijua: chukua urefu, toa 31. Jibu ni namba ya ubao ambao tufe liwe juu yake linapotoka kwenye mafuta. Kwa futi 43 ni ubao wa 12, ukihesabu kutoka upande wa mkono unaorushia. Kwa mpako wa futi 36 ni ubao wa 5, karibu kabisa na mfereji, kwa kuwa mbele kuna ukavu mrefu na tufe litakata sana. Si sheria, ni pa kuanzia.

Tatizo ni kwamba mpako haukai ulivyopakwa. Kila tufe la resini linanyonya mafuta kidogo, na mengine yanasogezwa mbele. Baada ya michezo miwili mitatu, njia uliyoitegemea imekauka na tufe linaanza kukata mapema mno. Ndiyo maana wa mkono wa kulia huhama kushoto taratibu, wakifuata mafuta mabichi. Wanaotumia mkono wa kushoto ni wachache, hivyo upande wao hukauka polepole. Earl Anthony mwenyewe alikuwa wa kushoto, na ubishi wa kama hilo lilimsaidia hauishi.

Matufe nayo yana siasa zake. Mwaka 1973 Don McCune aliloweka matufe yake ya plastiki kwenye kemikali yakalainika, yakashika leni kuliko ya wenzake, na akamaliza mwaka akiwa mchezaji bora wa PBA. Wakati huo halikuwa kosa. Baadaye ndipo vyama vikaweka kipimo cha ugumu.

Tangu nielewe haya, nikitazama mechi siangalii pini kwanza. Naangalia miguu: mchezaji amesimama ubao gani leo, na kwenye fremu (zamu) ya sita amesogea kiasi gani. Katika mechi wanabadilishana leni mbili kila fremu, na mara nyingi leni ya kushoto inakauka tofauti na ya kulia. Kwa hiyo utamwona mtu amesimama pale kwa leni hii, na hatua nzima pembeni kwa ile. Anayeshindwa kuhama kwa wakati hupigwa, hata awe na mkono mzuri vipi.

Majira ya joto yaliyofuata nikajiandikisha kwenye ligi inayochezea mpako wa mashindano. Mchezo wangu wa kwanza nilitoka na 137. Mzee hakucheka safari hii. Alinirushia taulo lake, akanionyesha kwa kidole nisogee mbao mbili kushoto.