Kichocho cha tumbo Kigoma: yanayosemwa na yanayoonekana kwenye vipimo

"Maji ya Tanganyika ni mang'avu, kichocho ni cha madimbwi."
Ung'avu wa maji hausemi lolote. Konokono wanaobeba kichocho wapo kandokando ya ziwa, na kimelea kikishatoka kwao hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kuchemsha maji ya kunywa ni vizuri, ila hakumsaidii anayeosha vyombo ufukweni Kibirizi maji yakiwa magotini. Maji ya kuoga yakikaa siku 2 kwenye pipa lisilo na konokono, vimelea hufa.

"Choo kimepimwa, hawakuona kitu, basi sina."
Kato-Katz, kipimo kinachotumika sana kwenye tafiti, huangalia miligramu 41.7 tu za choo. Choo huchujwa kwenye wavu, hujazwa kwenye tundu la kibao mpaka ukingoni, kibao huinuliwa, kisha hufunikwa kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini angalau saa 24 na kugandamizwa. Mayai ya minyoo wa kichocho yaliyohesabiwa kwa darubini huzidishwa mara 24 kupata idadi kwa gramu. Kwa hiyo mwenye mayai 10 kwa gramu anaweza kabisa kutoka na slaidi tupu. Tundu likijazwa nusu, hesabu yote hushuka. Choo cha kuharisha hakifai. Tena mayai hayatoki sawa kila siku, ndiyo maana watafiti huomba choo cha siku 2 au 3. Ni usumbufu, kweli, lakini slaidi moja huwakosa hasa wenye minyoo wachache.

"Vipimo vya damu vya ini ni vizuri, ini ni zima."
Hii ndiyo dhana inayoponza zaidi. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yasiyopata njia ya kutokea husombwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama kwenye matawi madogo ya mshipa unaoingia humo. Kovu hujengeka kuzunguka mishipa, huku chembe za ini zenyewe zikisalimika kwa kiasi kikubwa. Basi ALT, kipimo cha damu kinachoonyesha chembe za ini zikiumia, inaweza kuwa ya kawaida na macho yasiwe ya manjano, wakati shinikizo ndani ya mshipa ule linapanda, bandama inavimba, na mishipa ya umio inatuna mpaka kupasuka. Kovu hilo huonekana kwa ultrasound. Tafiti huipanga picha ya ini kwa herufi A hadi F, A ikiwa ya kawaida. Bandama kubwa peke yake si ushahidi hapa Kigoma, kwa sababu malaria nayo huivimbisha.

"Anatapika damu, karogwa."
Huenda ni ile mishipa ya umio iliyopasuka: akimbizwe hospitali, umio uangaliwe kwa kamera. Asipewe dawa za maumivu kama diklofenaki wala aspirini.

"Dawa zao hazifanyi kazi, nimemeza na bado ninacho."
Dozi ya prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, akiwa ameshakula. Kizunguzungu na tumbo kuuma kwa saa chache si sumu. Dawa huua minyoo waliokomaa na kuwaacha wachanga, na anayerudi ziwani kesho yake huambukizwa upya. Tafiti hurudia kupima choo wiki 2 hadi 3 baada ya dozi. Ukipima mapema, mayai ya minyoo waliokwisha kufa bado yanatoka.