Anayeanguka katika Aikido Haigizi

Kwa miaka mingi watazamaji wa aikido, sanaa ya mapigano ya Kijapani, wamedai kuwa anayerushwa huanguka makusudi ili kumpa sifa mwenzake. Dai hilo linafaa kusahihishwa, kwa kuwa linapuuza kiini cha mazoezi yenyewe. Katika mbinu iitwayo kotegaeshi, kiganja cha mshambuliaji hushikwa na kupinduliwa kuelekea nje huku mwili wake ukiwa umekwisha kuyumbishwa. Akikaza mkono kwa ukaidi, kifundo chake ndicho kitakachoumia, hivyo hujirusha kuufuata mzunguko ule na kutua salama. Ufundi huo wa kuanguka, yaani ukemi, hufundishwa tangu siku za mwanzo, na kwa maoni yangu ndio unaostahili heshima kubwa zaidi.

Ni kweli kwamba wawili hao hukubaliana mapema nani ashambulie na kwa namna gani, kwani Morihei Ueshiba (1883–1969), mwasisi wa aikido nchini Japani, hakutaka mashindano. Hata hivyo, mwanafunzi wake Kenji Tomiki aliyaanzisha katika tawi lake, ambako mshindani hana sababu yoyote ya kumwangukia mpinzani wake kwa hiari.