Nepal: Chemchemi Zikikauka, Ugomvi Hupita Wapi?

Kila ninapozungumza juu ya mabadiliko ya tabianchi na usalama, swali la kwanza ninaloulizwa ni kama ukame huleta vita. Kwa Nepal, nchi ambayo nimeifuatilia kwa miaka mingi katika kazi yangu ya kuchunguza migogoro ya rasilimali, naona swali hilo limeruka hatua. Kati ya mvua iliyokosekana na mtu aliyeshika panga kuna bomba, banio, kamati na orodha ya majina ya watakaopewa msaada, na ugomvi hupita humo.

Wengi huanza na barafu. Ni kweli inayeyuka: tathmini ya mwaka 2019 ya ICIMOD, kituo cha utafiti wa milima chenye makao yake Kathmandu, ilionyesha kwamba hata joto la dunia likizuiwa lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, theluthi moja ya barafu ya Hindu Kush na Himalaya itatoweka kufikia mwisho wa karne hii. Lakini Wanepali walio wengi hawaishi chini ya barafu. Wanaishi kwenye vilima vya kati, wakitegemea chemchemi, na kwenye tambarare ya Tarai kusini. Mvua za monsuni, zinazoleta takribani asilimia 80 ya maji ya mwaka kati ya Juni na Septemba, zimezidi kutotabirika; zinaposhuka kwa kishindo, maji hutiririka juu juu yakibeba udongo kabla hayajazama na kujaza chemchemi.

Katika kijiji kimoja cha vilima hivyo nilikaa asubuhi nzima karibu na bomba la umma. Madumu na mitungi ya shaba ilikuwa imepangwa foleni tangu alfajiri, na mkondo wa maji haukuzidi unene wa kidole. Mama mmoja wa jamii ya Dalit, watu wanaohesabiwa wa tabaka la chini kabisa na wachafu wasioguswa, alisimama hatua kadhaa pembeni, na aliposogea, mwenye zamu aliuvuta mtungi wake ili usiguswe. Sheria ilikwisha kuufuta ubaguzi huo mwaka 1963, na ile ya mwaka 2011 inauadhibu kama kosa la jinai. Zamani watu wa mama yule walikuwa na kisima chao chini ya kilima. Kilipokauka, wakalazimika kupanda hadi kwenye bomba la wenzao. Ukame haukuuzaa ubaguzi ule, ila umewakutanisha watu mahali pamoja kila siku, mbele ya maji yasiyotosha, na vinyongo vinavyoanzia hapo havisahauliki upesi.

Mifereji ya wakulima, wanayoiita kulo, haitakuwa ngeni kwa msomaji wa Kilimanjaro aliyekulia kando ya mfongo: kuna banio la mawe na matawi mtoni, kuna zamu ya maji, kuna siku ya kuzoa tope kwa pamoja, na asiyefika hutozwa faini. Utaratibu huu huweza kuhimili uhaba kwa sababu kila mtu anaijua zamu yake. Huyumba pale mafuriko yanapolizoa banio mara kwa mara, ilhali vijana wa kulijenga upya wako Qatar, Saudi Arabia au Malaysia.

Vita vya mwaka 1996 hadi 2006 kati ya waasi wa Kimao na serikali, vilivyoanzia wilaya za Rolpa na Rukum na kuua watu wapatao 17,000, havikuletwa na tabianchi. Viliota katika ardhi isiyogawanywa kwa haki, matabaka, na serikali iliyowasahau watu wa milimani. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba msaada wa tabianchi wenyewe unaweza kupita njia zile zile. Sera ya tabianchi ya Nepal ya mwaka 2011 iliagiza angalau asilimia 80 ya fedha za tabianchi zifike ngazi ya chini, jambo jema kabisa. Lakini tangu mwaka 2002 hadi 2017 nchi haikuwa na mabaraza ya mitaa yaliyochaguliwa, na asiye na mtu wake kwenye kamati ya kugawa msaada hakuwa na pa kumhoji mgawaji.

Hata janga kubwa lina mkono wa binadamu. Tarehe 18 Agosti 2008 tuta la mto Koshi lilivunjika Kusaha, kusini-mashariki mwa Nepal, ingawa maji ya siku hiyo yalikuwa machache kuliko yale ambayo bwawa na matuta yake vilijengwa kuyahimili. Watu wapatao 50,000 walihama upande wa Nepal, na katika jimbo la Bihar, India, zaidi ya milioni tatu waliathirika. Matengenezo ya tuta yalikuwa jukumu la India kwa mkataba wa mwaka 1954, kwa hiyo kila upande ukaunyooshea mwenzake kidole, huku waliopoteza mashamba wakibaki na mchanga.

Tangu uchaguzi wa mwaka 2017, kila moja ya serikali za mitaa 753 ina kamati ya usuluhishi inayoongozwa na naibu meya au naibu mwenyekiti, na wengi wa manaibu waliochaguliwa mwaka ule walikuwa wanawake. Sheria imewakabidhi migogoro ya mipaka ya mashamba, matuta, mifereji na zamu za maji. Ninapotaka kujua hali ya wilaya fulani, majalada ya kamati hizo ndiyo ninayoomba kuyaona kwanza, kabla ya takwimu za mvua.