Je, wajua kwa nini watu wa Acqui Terme huko Italia wanaitwa "waliobabuliwa"?

Hebu fikiria umezaliwa leo, hata macho hayajazoea mwanga, afu bibi yako anakufunga kwenye kitambaa anakubeba mpaka katikati ya mji kwenye maji ya moto, anakuchovya chap anakutoa, ukipona wewe ndo mwenyeji halali, usipopona basi ndo hivyo. Hiyo ni hadithi ambayo watu wa Acqui Terme wanaisimulia kuhusu wao wenyewe vizazi na vizazi. Ni kamji ka watu kama elfu ishirini hivi, kaskazini magharibi mwa Italia, mkoa wa Piemonte, bonde la mto Bormida. Kwa lahaja yao wanaitwa sgaientò, yaani waliobabuliwa na maji ya moto, na wala sio tusi, wenyewe wanatamba nalo.

Sasa hapo mtu unajiuliza mambo mawili. Kweli walikuwa wanachovya vichanga? Na hayo maji yanapata moto wapi, tena katikati ya mji, wakati pale hakuna volkano wala dalili ya volkano?

Tuanze na maji yenyewe. Ndani ya mji wa zamani kuna kiwanja kinaitwa Piazza della Bollente, na hapo kuna kijumba cha marumaru chenye nguzo na paa la pembetatu, ukikiona kwa mbali utadhani ni kaburi la mkubwa fulani, kumbe ni bomba. Maji yanamwagika pale bila koki, bila pampu, nyuzi 74.5 za Selsiasi, kama lita 560 kila dakika. Tuyapige hesabu ya madumu: dumu la lita ishirini, hayo ni madumu 28 kwa dakika moja, mchana na usiku, hakuna mgao na hakuna bili ya umeme. Asubuhi za baridi mvuke unapanda mpaka madirisha ya ghorofani hayaonekani vizuri, na kuna kaharufu ka kiberiti, ile ya yai la kuchemsha ukilimenya likiwa bado la moto. Peleka kidole uone, utakirudisha mdomoni kabla hujajua umefanya nini.

Jina lake La Bollente maana yake "inayochemka", na ukitaka kuwa mkorofi utasema limetia chumvi, kwa sababu maji yanachemka nyuzi 100. Ila sisi tuna Chemka yetu pale karibu na Moshi ambayo watu wanaogelea humo na watoto, raha mustarehe, kwa hiyo kwenye mambo ya kuyapa maji majina ya kutisha tunyamaze tu.

Moto wake unatoka wapi? Mvua inanyesha kwenye milima ya Apenini kule upande wa Liguria, maji mengine yanaenda mtoni na mengine yanazama kwenye miamba, yanashuka, yanashuka, safari ya miaka mingi. Na chini ya ardhi, hata sehemu isiyo na volkano, kila ukishuka kilomita moja joto linapanda kama nyuzi 30 hivi. Kwa hiyo maji yakifika kilomita mbili tatu chini yanakuwa yamepikwa vizuri sana bila jiko, na kwa sababu ni ya moto yanayeyusha vitu vya kwenye miamba, chumvi, bromini, aidini, salfa, ndo maana ile harufu. Lakini kupata moto chini sio ajabu, maji ya chini sana ni ya moto karibu kila mahali. Ajabu ni kufika juu yakiwa bado moto. Hapo ndo Acqui wana bahati yao: chini ya mji miamba imepasuka, kuna nyufa ndefu zinazoshuka mbali sana, maji yanazitumia kama ngazi ya haraka. Yangekuwa yanapanda kwa kujipenyeza polepole kwenye udongo yangefika yamepoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Ng'ambo ya mto Bormida kuna chemchemi nyingine za familia hiyohiyo, nazo zinatoka na joto la chini zaidi.

Sasa turudi kwa vichanga. Maji ya nyuzi 60 yanahitaji kama sekunde tano tu kumuunguza mtu mzima vibaya. Yakipita 70 ni chini ya sekunde moja, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako. Hayo ya Acqui ni 74.5, yaani ni yale maji ambayo nyumbani unamtumbukiza kuku ili manyoya yatoke kirahisi. Kwa hiyo hadithi ukiichukua kama ilivyo, mji usingekuwa na watu. Mimi naisoma kama tambo, ile ya "sisi tumezaliwa kwenye moto, nyie mmezaliwa wapi", na kwa watu walioishi na kitu kama hicho mlangoni kwao miaka zaidi ya elfu mbili, tambo hilo wanastahili.

Na hiyo miaka elfu mbili sio maneno ya wauza utalii. Kabla ya Warumi hapo waliishi Waliguria wa kabila la Statielli. Mwaka 173 KK konsuli wa Roma (walikuwa wawili, viongozi wakuu wa mwaka mmoja), Marcus Popillius Laenas, akawavamia, na Statielli waliposhindwa wakajisalimisha wakitegemea huruma, manake hawakuwa wamewahi kuishambulia Roma. Jamaa akawanyang'anya silaha, akabomoa mji wao, akawauza utumwani. Barua yake ya kujisifia ilipofika Roma, baraza la seneti likakasirika: rudisha pesa za wanunuzi, waachie watu, warudishie mali zao. Popillius akarudi Roma, na badala ya kujitetea akawagombeza wao maseneta, eti wanamdhalilisha, afu akaondoka zake kuendelea na vita. Mwaka uliofuata konsuli mmojawapo akawa nani? Kaka mtu! Ikabidi wapitishe sheria ndo akapelekwa mbele ya pretori, yaani jaji. Kesi ikasikilizwa mara mbili, na ile ya tatu jaji, kwa kuiheshimu familia kubwa, akaiahirisha mpaka tarehe ambayo viongozi wapya wanaapishwa na yeye mwenyewe muda wake unaisha. Siku ikafika, jaji sio jaji tena, kesi ikafa. Mambo ya kuahirisha kesi mpaka ijifie yenyewe ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Statielli wengi waliachiwa huru lakini wakahamishwa ng'ambo ya mto Po.

Mji wa Kirumi uliokuja baadaye ukabaki na jina lao, Aquae Statiellae, yaani Maji ya Statielli, na Plinio Mzee, mwandishi wa Kirumi, alipoandika kuhusu maji ya moto akautaja kama mfano wa miji ambayo imeanzishwa na maji. Hilo neno Aquae ndo limekatikakatika mpaka leo likawa Acqui. Kwa kifupi mji unaitwa Maji.

Hapo kuna kitu kinachekesha kidogo. Mji unaitwa Maji, una madumu 28 kwa dakika, na bado Warumi wakahangaika kujenga mfereji mrefu kuleta maji mengine kutoka kijito cha Erro. Kwa nini? Kwa sababu maji ya La Bollente ni ya moto na yana chumvi, huwezi kuyafanya ya kunywa ya kila siku, na hata bafu zenyewe lazima upate ya baridi ya kuchanganyia la sivyo unawapika wateja. Mabaki ya mfereji huo bado yamesimama kandokando ya Bormida, nguzo 15 na matao manne, na mimi nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kuangalia Acqui baada ya bomba lenyewe nachagua hicho, hasa jioni jua likiwa linapita katikati ya matao.

Baada ya Warumi turuke haraka. Maaskofu walitawala, mmoja wao San Guido ndo aliizindua kanisa kuu mwaka 1067, na humo ndani kuna mchoro wa Bikira Maria wa Montserrat wa Mhispania Bartolomé Bermejo, ulioagizwa na mfanyabiashara wa Acqui aliyekuwa na shughuli zake Valencia, watu wa sanaa wanafunga safari kwa ajili ya huo tu. Wakaja akina Paleologi, ukoo wenye damu ya wafalme wa Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, ngome yao ipo na sasa ni makumbusho ya vitu vya kale. Wakafuata Gonzaga, watawala wa Mantova. Mwaka 1679 mlima unaoitwa Stregone, yaani Mchawi, ukaporomoka ukafukia bafu za ng'ambo ya mto, na mtawala wa Gonzaga akazijenga upya miaka michache baadaye. Kujenga bafu chini ya mlima unaoitwa Mchawi, hapo nadhani kuna mtu alipuuzia ishara.

Kule ng'ambo ndo kulikojulikana kwa biashara ya matope. Udongo wa mfinyanzi unalowekwa kwenye maji ya chemchemi kwa muda mrefu mpaka unakuwa laini kama siagi na mweusi, unapashwa, mgonjwa wa viungo anapakwa mgongoni, magotini, anafunikwa shuka, anatulia anatoka jasho, baadaye anaoshwa. Joto lile linalegeza misuli na linakaa muda mrefu kuliko taulo la maji moto, hilo halina ubishi. Mengine mengi wanayoahidi kwenye vipeperushi mimi nayapunguza nusu.

Kijumba cha marumaru chenyewe sio cha Kirumi hata kidogo, ingawa kinajitahidi kuonekana hivyo. Kilijengwa mwaka 1879, mchoraji wake Giovanni Ceruti, wakati meya alikuwa Giuseppe Saracco, ambaye baadaye akawa waziri mkuu wa Italia mwaka 1900, ule mwaka mfalme Umberto I alipopigwa risasi. Ukitoka hapo, geuka uangalie mnara wa saa wa 1763, wenyeji wanauita mnara usio na msingi, kwa sababu haukugusa chini: umekaa juu ya nyumba mbili za jirani kama mtoto aliyepandishwa mabegani na watu wawili, na katikati chini yake watu wanapita.

Wanaokunywa wana divai yao nyekundu tamu yenye mapovu, Brachetto d'Acqui, na kwa tusiokunywa kuna amaretti, biskuti laini za lozi.

Na lile neno Terme, lenye maana ya bafu za maji moto, liliongezwa rasmi kwenye jina mwaka 1956 ili wageni waelewe wanaenda kufanya nini huko. Wenyeji wengi wanaendelea kusema Acqui tu.