Je, wajua kwa nini mbwa hagandi nyayo anapotembea kwenye theluji?

Asubuhi ya majira ya baridi, kando ya bwawa. Umevaa soksi pea mbili na buti zito, na bado vidole vya miguu vimekufa ganzi. Mbele yako mbwa wawili wanakimbizana peku kwenye theluji kama walio juu ya zulia. Mmoja anasimama kunusa alama za sungura, ananusa weee, na wala hanyanyui mguu.

Wengi husema ni kwa sababu ngozi ya wayo wake ni nene. Ni nene kweli, lakini buti lako nalo je? Unene huchelewesha baridi tu, hauizuii.

Kazi kubwa hufanywa na mishipa ya damu. Mwaka 2011, watafiti wa Japani akiwemo Hiroyoshi Ninomiya walitoa matokeo ya uchunguzi wa nyayo za mbwa kwa hadubini ya elektroni. Waliona kwamba mishipa inayoshusha damu kwenye wayo imezungukwa kwa karibu sana na mishipa inayoirudisha juu. Basi damu ya moto ikishuka, inapishana na damu ya baridi inayopanda, na joto linahama kutoka ile kwenda hii. Damu inayofika chini huwa imeshapoa, kwa hiyo haina joto jingi la kupoteza kwenye theluji. Inayorudi mwilini huwa imeshapashwa moto njiani, kwa hiyo haimtii mbwa baridi ya kifua na tumbo.

Ukimshika wayo baada ya matembezi utaukuta wa baridi, na huruma itakujia. Lakini ndivyo unavyotakiwa kuwa. Mwili wake haujaribu kuupasha joto wayo, unauacha upoe, ila usifike kuganda. Mwaka 1972 ulichapishwa utafiti ambapo miguu ya mbweha wa Aktiki na ya mbwamwitu ilitumbukizwa kwenye kimiminika cha nyuzi -35 za Selsiasi. Nyayo zilibaki karibu na nyuzi -1, juu kidogo tu ya kiwango cha kuganda kwa nyama yake. Mwili ulikuwa unapeleka chini joto la kutosha, basi, bila kuzidisha.

Mafuta ya ndani ya wayo nayo yanasaidia. Unajua jinsi mafuta ya mgando yanavyokuwa magumu kwenye baridi huku ya maji yakiendelea kumiminika? Mafuta ya wayo yako upande wa haya ya pili, hivyo wayo hubaki laini hata ukipoa.

Na si mbwa peke yake. Tazama wale bata waliosimama kwenye ukingo wa barafu: miguu yao mitupu hutumia mbinu hiyohiyo ya damu kupishana.

Mbinu hii ina mipaka, hata hivyo. Haimfai mbwa aliyetumbukia majini, kwa sababu manyoya yakilowa hayahifadhi tena joto la mwili. Barafu ya bwawa la kuhifadhia maji ndiyo ya kuogopa zaidi: maji yakifunguliwa kwenda kwa watumiaji, kina hushuka na barafu hubaki ikining'inia juu ya uwazi. Juu inaonekana ngumu kabisa. Hapo mfunge kamba, na akizama usimfuate, ita waokoaji. Watoto wa mbwa na mbwa wadogo wenye manyoya mafupi nao huchoka na baridi mapema, hata nyayo zikiwa salama.

Akianza kuchechemea njiani, usikimbilie kudhani wayo umeganda. Mtazame katikati ya vidole. Mara nyingi utakuta kidonge cha theluji kimeshikamana na nywele, kigumu kama kokoto, au chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, nayo inamwasha. Chumvi ioshe kwa maji ya uvuguvugu mkifika nyumbani. Kidonge kishike kwa vidole mpaka kiyeyuke na kuachia. Atakuwa ameshakimbia tena kabla hujavaa glavu.