Uvimbe mdogo kwenye figo: upasuaji kwa msaada wa roboti

Ni roboti inayonipasua?
Hapana. Roboti haikati chochote yenyewe. Daktari bingwa wa njia ya mkojo huketi kwenye mtambo wa kuongozea, hatua chache kutoka kitandani, akitazama picha iliyokuzwa. Anavyosogeza vidole ndivyo vifaa vinavyosogea mwilini mwako. Msaidizi wake husimama pembeni yako, akibadilisha vifaa na kufyonza damu.

Kwa nini isitolewe figo nzima?
Uvimbe wa sentimita 4 au chini ya hapo kwa kawaida hutolewa peke yake, na ukingo mwembamba wa nyama yenye afya. Sehemu ya figo inayobaki huendelea kuchuja damu, jambo kubwa kwa mwenye kisukari au presha. Tena takriban uvimbe 1 kati ya 5 wa ukubwa huu si saratani. Kwa mzee mwenye maradhi mengine, kuufuatilia kwa vipimo huweza kuwa uamuzi bora kuliko kisu.

Hufanywaje?
Ukishalala kwa nusu kaputi, unalazwa ubavu, upande wenye uvimbe ukiwa juu. Tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi, kisha vifaa hupitishwa kwenye matundu matano au sita ya milimita 8 hadi 12. Utumbo husogezwa, ateri ya figo (mshipa unaoiletea damu) hutafutwa, na ultrasaundi ndogo huwekwa juu ya figo yenyewe ili kuonyesha mpaka wa uvimbe.

Kisha ateri hubanwa. Bila kuibana, damu ingefunika mahali pa kukata. Lakini figo isiyopata damu huanza kuumia. Ndiyo maana timu hulenga kuachia kibanio ndani ya dakika 25 hivi. Uvimbe hukatwa, mishipa na njia za mkojo zilizofunguka hushonwa kwanza, kisha tabaka la nje hukazwa kwa uzi na klipu. Faida kubwa ya roboti iko hapa: ncha za vifaa hupinda kama kifundo cha mkono, hivyo kushona kwenye kona finyu huwa rahisi.

Nini huweza kwenda vibaya?
Kutoka damu, au mkojo kuvuja pale paliposhonwa. Damu isipodhibitika, tumbo hufunguliwa. Muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi, na nani atafungua tumbo ikibidi.

Linalowashtua wengi huja baadaye. Ateri iliyojeruhiwa huweza kutunga kifuko cha damu ndani ya figo, nacho kikapasuka baada ya siku kadhaa au wiki mbili hivi. Mkojo uliokwisha kuwa safi ukirudi kuwa mwekundu au na mabonge, au ukisikia kizunguzungu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Mara nyingi ateri huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kinenani, bila kupasuliwa tena. Kwa hiyo, anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kutibiwa India asiharakishe kupanda ndege ya kurudi.

Nijiandae vipi, na nyumbani nifanyeje?
Taja dawa zote unazotumia, hasa zinazozuia damu kuganda kama warfarini, klopidogreli na aspirini, wala usiziache bila kuelekezwa. Wengi huruhusiwa baada ya siku 1 hadi 3. Maumivu ya bega siku za mwanzo hutokana na gesi. Kwa wiki 4 hadi 6 usinyanyue zaidi ya kilo 5. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Usimeze dawa za maumivu za diklofenaki wala ibuprofeni bila ruhusa, kwani huumiza figo.